Mila Niliyomtungia Baba

Enzi zetu, watoto wa Gulfton, mtaa wa kule Houston, tulijua nyumba kwa kuigonga ukuta. Msinicheke. Najua nina miaka kumi na saba na bado naomba ruhusa darasani kwenda chooni, lakini mdogo wangu Bosco ana minane, na juzi aliniuliza kwa Kiingereza cha puani ilikuwaje watu walale watatu chumba kimoja bila kupelekana mahakamani. Mtoto akishakuuliza hivyo, wewe ni mzee, nenda kanunue fimbo. Kwa hiyo nyinyi wenzangu mliokulia kwenye zile nyumba za kupanga za ghorofa mbili, zilizobanana kama meno, sogeeni hapa. Bosco na kizazi chake wasubiri nje na tableti zao.

Kuta za Gulfton zilikuwa za jipsamu, na jipsamu haitunzi siri. Jirani yetu wa kushoto alikuwa mama mmoja wa El Salvador. Akipiga chafya kwake, mama yangu alimwitikia "afya" huku akigeuza samaki kwenye kikaango, na yule mama akajibu "gracias" kwake huko, kila mtu akaendelea na shughuli zake. Samaki wale nao walikuwa na kesi yao. Mama akikaanga tu, king'ora cha moshi kinalia, na kazi yetu watoto ilikuwa kupanda kwenye kiti na kukipepea kwa taulo mpaka kinyamaze. Nilikuwa na mikono yenye misuli kama bondia. Ndiyo maana Mama alipoanza kuota nyumba yake mwenyewe, hakuota sebule wala ngazi za kuzunguka. Aliota dirisha la jikoni.

Baba aliota vingine. Baba yangu, Melkiori, ni fundi mwashi. Sisi ni Warundi, mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi Kigoma, na huko kambini nusu ya vitu vilivyosimama wima vilisimamishwa na yeye: madarasa, zahanati, nyumba za tofali za udongo za watu ambao leo wametawanyika dunia nzima. Nilikuwa na miaka minne tulipoletwa Houston. Baba akapewa kazi ya kupanga maboksi ghalani. Hakulalamika. Alisema tu, "Boksi nalo ni tofali, ila halikai pale ulipoliweka." Mwiko wake wa ujenzi alikuja nao kutoka Kigoma ndani ya sanduku, umefungwa kwenye shuka, ukawa unalala chini ya kitanda.

Jumapili baada ya misa, wenzetu walikuwa wanapelekwa kula kuku. Sisi tulipelekwa kutazama majengo. Nasema kweli. Baba alitupakia kwenye gari letu, ambalo kiyoyozi chake kilifanya kazi majira ya baridi tu, tukazunguka katikati ya mji tukiwa na sare za kanisani zinazowasha shingoni. Maghorofa ya vioo hakuyasifu sana. "Hayo yamevaa miwani," alikuwa anasema, "sijui sura zao." Lakini akiona jengo la mawe anaegesha, anashuka, anaweka kiganja ukutani kama anampima mtoto homa, halafu anagonga. Tukabaki ndani ya gari tumejificha chini ya viti, maana enzi hizo tulikuwa bado na aibu.

Siku moja alitupeleka kwenye lile hekalu la Wahindu kule upande wa Missouri City, la marumaru nyeupe iliyochongwa yote, hata mahali ambapo hakuna jicho litakalofika. Baba alivua viatu, akavua na kofia ambayo hakuna aliyemwambia avue, akasimama chini ya nguzo moja kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama anasali kwa Mungu wa watu. Akasema, "Nasalimia mafundi." Safari nyingine tulikwenda Dallas kwenye harusi, na kesho yake tukapitia Fort Worth kwenye jumba la makumbusho lenye mapaa ya zege yaliyopinda kama migongo ya ng'ombe waliolala. Watu wote mle ndani walikuwa wanatazama picha. Baba alizigeuzia picha mgongo, akawa anatazama ukuta. Mlinzi akaja kuuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, baba yangu anapenda saruji. Yule mlinzi akatabasamu, akasema kwamba yeye pia, lakini tafadhali asiiguse. Nikatafsiri. Baba akaniuliza, "Sasa itajuaje kwamba nimeipenda?"

Kiwanja kilipopatikana, nje kidogo ya Missouri City, Baba hakwenda kwanza kwa mchora ramani. Alikwenda kununua chaki. Jumamosi mchana, pakingi ya Gulfton ikiwa nusu tupu, alinyoosha kamba kwenye makopo ya rangi na kuichora nyumba nzima juu ya lami, kwa ukubwa wake wenyewe, ili Mama aingie ndani na aone kama anatosha. Mama alitembea mle kwa heshima zote. Alifika jikoni, akanyoosha mkono kama anafungua kabati, akasema, "Choo kiko karibu mno na chakula changu. Kisogeze." Baba akafuta choo kwa soli ya kiatu. Watoto wa jengo zima walihamia humo, na sisi tulikuwa wakali kuliko polisi.

"Wewe Furaha, umepita ukutani. Rudi uingie mlangoni."

"Mlango uko wapi?"

"Si huo unaoukanyaga?"

Mwanamume mmoja akaja kuegesha gari lake kubwa chumbani kwa wazazi. Mama akanituma: "Mwambie atoe gari kitandani kwangu." Nilimtafsiria vilevile, neno kwa neno, na yule baba wa watu aliona haya, akaomba radhi, akaenda kuegesha barabarani. Mvua ikinyesha nyumba inafutika, na wiki inayofuata Baba anaichora upya na kusogeza ukuta mmoja zaidi. Leo Bosco ana mchezo kwenye simu wa kujenga majumba ya kifahari yenye bwawa la kuogelea darini. Hajawahi kufukuzwa na gari kwenye hata moja. Namwonea huruma.

Hapo sasa naomba niwakumbushe wadhifa wangu. Enzi zetu, mtoto wa kwanza alikuwa wizara nzima ya mambo ya nje. Hospitali nilitafsiri mimi, benki mimi, shuleni mimi, mpaka siku ya kusomewa ripoti yangu mwenyewe. Mwalimu akisema ninaongea kupita kiasi, Baba alisikia kwamba ninashiriki vizuri sana darasani. Kwa hiyo tulipompata mkandarasi, Mister Curtis, mwanamume mwenye tumbo kubwa na moyo mkubwa zaidi, mkalimani alikuwa mimi, miaka kumi na moja, na begi langu la shule mgongoni.

Kila siku akitoka zamu Baba alipitia kiwanjani, anasimama kwenye uzio wa nyavu. Msingi aliukubali. Fremu za mbao zilimtia majonzi. "Nyumba ya mbao inayovaa koti la tofali," alisema, maana huku Texas tofali ni la nje tu, ndani yote ni mbao na yale majipsamu yetu. Lakini matofali yalipofika, yamepangwa kwenye mabao ya kubebea mizigo na kufungwa mikanda, aliruka uzio kama kijana. Alichukua mawili, akayagonganisha sikioni. Yakalia kama kengele ya misa. Nilimwona usoni, nikajua kuna jambo linakuja.

"Mwambie mimi ni fundi," Baba akaniambia mbele ya Mister Curtis. Alikuwa ameshika kofia kwa mikono miwili. "Mwambie nataka ukuta mmoja tu. Ule wa mbele, pembeni ya mlango. Mwambie madarasa niliyojenga, mpaka naondoka watoto walikuwa wanasoma ndani, na hayakuwahi kupata ufa."

Nikatafsiri kila neno. Safari hiyo sikuongeza wala kupunguza. Mister Curtis akamtazama Baba jinsi watu wanavyomtazama mtoto aliyeomba kuendesha gari, akasema kwa upole kwamba haiwezekani, kuna mambo ya bima, tofali likimwangukia mteja mguuni ni kesi, na zaidi ya hapo ana mafundi wake wazuri. Mwambie baba yako apumzike, akasema. Yeye ni mteja.

"Amesemaje?" Baba akauliza.

Nikamtazama na kofia yake. Miaka saba ya maboksi.

"Anafikiria," nikasema.

Halafu nikamgeukia Mister Curtis, nikashusha sauti mpaka ya msibani. Nikamwambia kwa Kiingereza kwamba kwetu Burundi, baba mwenye nyumba asipojenga kwa mkono wake ukuta wa mlangoni, wazee hawavuki kizingiti. Watakuja, watasimama nje, watakula nje, watarudi kwao na huzuni. Nikaona haijamwingia vizuri, nikaongeza bibi. Bibi yangu anakuja mwezi wa tisa, nikasema, na magoti yake ni mabovu, hawezi kusimama nje. Bibi huyo, Mungu amrehemu, alifariki kabla sijazaliwa.

Mister Curtis akavua kofia. Mmarekani ukimwambia ni mila, analainika kama mkate kwenye chai. Baada ya wiki mbili alileta karatasi za kusaini, kofia ngumu, na fulana ya njano ing'aayo. Ukuta mmoja, kati ya mlango na kona ambayo mafundi wake watakuwa wameshaipandisha. Siku moja, yeye mwenyewe akiwepo.

"Ulimwambia nini hata akakubali?" Baba akaniuliza tukiwa garini.

"Nilimwambia wewe ni fundi."

Akatikisa kichwa taratibu njia nzima, anacheka peke yake. Wiki hiyo mwiko ulitoka chini ya kitanda, ukasuguliwa na mchanga mpaka ukawa kioo. Aliwaalika watu. Aliwaambia, wazungu wenyewe wamenitambua.

Jumamosi yenyewe kiwanja kilijaa kama ubatizo. Mama alileta maharage, isombe, yaani kisamvu chetu, na beseni la mandazi. Mzee Pascal, rafiki wa Baba tangu kambini, aliyewahi kuwa mwalimu na Kiingereza chake ni cha mtu wa kuvaa tai, alikaa kwenye kiti cha kukunja mbele kabisa. Mister Curtis alikuja na mke wake na kamera. Na Baba akaanza. Jamani, mimi nilikuwa sijawahi kumwona. Nilikuwa namjua Baba wa kurudi nyumbani akishika kiuno. Huyu alikuwa mtu mwingine. Anachota udongo wa saruji, anautandika, tofali linakaa, anapiga mara mbili kwa mpini, anakata ziada kwa ncha, tofali linalofuata tayari liko hewani. Hakuna alichokuwa anakitafuta. Kozi ya kwanza ya matofali, ya pili, ya tatu, mpaka ya tano, na wanawake wameacha kupakua chakula wanatazama.

Hapo ndipo Mister Curtis, kwa heshima zake, akamwinamia Mzee Pascal na kumuuliza kama, wazee wakishakubali kuvuka kizingiti, wageni nao wanatakiwa kuvua viatu, au ni wazee peke yao, na je, bibi ataingia kwanza au mwisho?

Mzee Pascal akasikiliza mpaka mwisho. Halafu akapaza sauti kwa Kiswahili, kila mtu asikie.

"Melkiori, mwenzangu, hii mila ya wazee kukataa kuingia ndani mmeitoa wapi? Mimi mzee nimekuja hapa nikijua nitakula kivulini."

Baba akasimama, mwiko mkononi.

"Jeanine."

"Bee, Baba."

"Ulimwambia mimi ni fundi, au ulimwambia habari za mila?"

"Nilimwambia wewe ni fundi. Akakataa. Ndiyo nikamwambia ya mila."

"Kwa hiyo fundi alikataliwa."

Baba akauweka mwiko ndani ya ndoo ya maji, polepole, kama anaulaza. Akavua ile kofia ngumu, akaenda kukaa juu ya matofali na mgongo wake kwetu. Mister Curtis akadhani ni sehemu ya ibada, akainamisha kichwa na mke wake pia. Mama akanijia na mwiko wake yeye, ule wa ugali, akasema chinichini, "Na mama mkwe wangu umemfufua. Ungemwambia basi aje mapema anisaidie kupika." Mara nyingine ningecheka. Siku hiyo nilitamani mandazi yanimeze mimi.

Sasa, kulikuwa na kiongozi wa wale mafundi, Don Beto, Mmeksiko mfupi mwenye penseli iliyochomekwa kwenye kofia. Yeye habari za mila hakuwa nazo hata kidogo, alikuwa kwenye gari lake anakula. Akarudi anajifuta midomo, akakuta ukuta wenye kozi tano na watu wamenuna. Aliweka pimamaji juu, akaliweka wima, akafumba jicho moja na kutazama kwa usawa wa kamba, akapitisha kidole kwenye viungo vyote toka mwanzo hadi mwisho. Alirudia. Halafu akasema kitu kwa Kihispania.

Mimi ni mtoto wa Gulfton, Kihispania nilikinywa na maji ya bomba. Alisema: nani kamfundisha huyu? Vijana wangu wana miaka mingi hawajaniwekea hivi.

Nikafungua mdomo. Baba, bila hata kugeuka, akanyoosha kidole. "Wewe usitafsiri."

Nikaufunga.

Don Beto akamzunguka, akaokota ile kofia ngumu, akampa. Akamwonyesha kona ya upande wa gereji, ambayo ilikuwa bado haijaanza. Kwa wale wasiojua uashi: kona hutangulia, na ukuta wote huifuata. Kona ikipinda, nyumba nzima imepinda mbele za watu milele. Kona hapewi mteja, wala mgeni, wala mtu wa kuonewa huruma. Mister Curtis alijua hilo kuliko sisi, akaanza kusema neno kuhusu bima na makubaliano, na Don Beto akamjibu kwa Kiingereza chake kifupi: huyu yuko na mimi. Mister Curtis akatazama watu na sahani zao, akamtazama mke wake aliyekuwa kwenye andazi la tatu, akaachana na jambo hilo.

Baba akautoa mwiko kwenye maji.

Waliijenga ile kona mpaka jua likawa limeinama, Baba akilaza matofali na Don Beto akimpokeza kama kibarua, wanaongea kwa vidole, kwa miluzi, kwa kugonga. Hakuna aliyeniita nitafsiri. Mzee Pascal akala kivulini, ndani ya nyumba isiyo na milango, akitangaza kwamba yeye amevuka kizingiti na bado yu hai.

Adhabu nilipata. Nilivuliwa uwaziri miezi mitatu, Mzee Pascal akakaimu, na vyombo vyote vikawa vyangu. Siku ya kuhamia Mister Curtis aliuliza bibi yuko wapi. Baba mwenyewe alimweleza ukweli, kwa Kiingereza chake cha ghalani, na Mister Curtis alicheka mpaka akaketi kwenye ngazi. Lakini mila, wenzangu, ilikuwa imeshatoka nyumbani. Alishawasimulia wateja wengine. Mwaka uliofuata familia ya Furaha, Wakongo wa Uvira, walipojenga jirani, mama yake alilaza tofali mlangoni akiwa na kitenge kipya, na aliniapia machoni kwamba babu yake alifanya hivyohivyo. Nilimpongeza. Ningesema nini?

Dirisha la jikoni ni kubwa kuliko Mama. Samaki wanakaangwa kwa amani, na Mama anasema ukimya wa nyumba hii ulimchukua mwaka kuuzoea. Alikuwa akipiga chafya anangoja ukuta umwitikie. Mimi nina chumba changu, nakipenda, sitadanganya. Bosco ana chake, na akitaka maji ananiandikia ujumbe wa simu kutoka hatua sita. Jumapili tukirudi nyumbani, Baba hupunguza mwendo mbele ya ule ukuta.

Mwezi uliopita nilimkuta anaosha ule ukuta wa mbele na mpira wa maji. Nikaona nimekua vya kutosha.

"Baba, nikwambie Don Beto alisema nini siku ile?"

"Hapana."

"Lilikuwa jambo zuri."

"Alinipa kona, Jeanine. Wewe utaongeza nini hapo?"

Siku hizi wizara yetu imefungwa. Bosco anaishika simu katikati ya watu wawili, inatafsiri kila kitu, haichoki, haidanganyi, haina hata bibi wa kusingizia. Ni jambo zuri, sibishi, na hospitalini nisingetaka vinginevyo. Ila huwa nawaza ile siku ya kofia mikononi kama ingekuwa ni simu. Ingemwambia Baba, kwa Kiswahili fasaha na sauti tamu ya kike, samahani, haiwezekani. Baba angesema asante, akavaa kofia yake, akarudi kwenye maboksi. Tungehamia nyumba hii hii, nzuri hivi hivi, na kila asubuhi angeupita ule ukuta bila kupunguza mwendo.